Ubeti Uliorudiwa

"Rudia, baba. Hapa sauti inashuka. Ukiipandisha linakuwa neno jingine kabisa."

"Lugha gani hii, inapanda na kushuka kama mbuzi kwenye ngazi?"

Asmah alicheka, akaficha mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Walikuwa wamekaa jikoni kwenye mkeka, baba na binti, na kuku wakiparura chini ya sakafu ya mbao. Minoh, mama wa Asmah, alikuwa akikatakata majani ya mwituni ya kuchanganya na wali, lakini kisu chake kilikuwa kikienda polepole kuliko kawaida. Hakuelewa neno hata moja la Kithai lililosemwa pale. Alikuwa akisikiliza sauti ya mumewe tu, kwa sababu ilikuwa imepita miaka miwili tangu aisikie ikiimba ndani ya nyumba.

Mzee Useng alizijua herufi za Kithai kwa umbo tu, kama mtu anavyozijua nyayo za ng'ombe wa jirani. Basi alikuwa amepanga vitu vinne mbele yake, kimoja kwa kila mstari wa ubeti wa kuwakaribisha wakubwa wa serikali kwenye tamasha: kikombe cha kukingia utomvu wa mpira, popoo kavu, kisu chake cha kugemea, na kijiko cha bati. Aliimba akigusa kikombe, akaimba akigusa popoo, akasita.

"Kisu kinasema nini vile?"

Asmah akamtamkia, mkono wake ukipanda na kushuka hewani kama anavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza. Mzee Useng akafuatisha. Mkono wake wenye sugu nao ukapanda na kushuka.

"Kithai changu mimi ni sentensi tano," alisema, akimgeukia mkewe. "Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, mheshimiwa. Sijui, mheshimiwa. Asante, mheshimiwa. Kitambulisho hiki hapa, mheshimiwa. Kwa hizo tano nimepita vizuizi vyote vya askari kuanzia hapa Bukit Jering mpaka Yala, na hospitali nimelazwa."

"Na zote zinaishia na mheshimiwa," Minoh alisema. "Mimi nimekuzalia, hujaniita hivyo hata siku moja."

"Wewe huna bunduki."

"Nina mwiko."

Wote watatu wakacheka. Asmah ndiye aliyeacha kwanza.

"Haya, mwalimu," Mzee Useng alisema. "Sasa niambie maana tena, mstari kwa mstari. Siwezi kuimba kitu nisichokiona moyoni. Kikombe?"

Asmah aliangalia kikombe. "Mto wetu umejaa," alisema.

"Popoo?"

"Mpunga unachanua."

"Kisu?"

"Mgeni, karibu, kaa."

"Na kijiko?"

"Nyumba yetu yakujua."

Mzee Useng alifumba macho, akaupima ubeti wote ulimini kama mtu anayeonja chumvi. "Nyumba yetu yakujua. Hilo zuri. Nani katunga?"

"Baba mdogo Ding ndiye aliyenitumia. Kwa simu."

"Ding? Ding hajawahi kutunga hata jina la paka." Akatikisa kichwa, lakini alikuwa amependezwa. "Sawa. Mgeni hukaribishwa kwa lugha yake. Hilo si dhambi. Tutamkaribisha kwa Kithai, halafu tutamburudisha kwa Kimelayu chetu mpaka asahau njia ya kwao."

Maneno aliyotumiwa Asmah hayakuwa na mto wala mpunga. Mistari ile ya mto na mpunga aliitunga yeye, pale pale kwenye mkeka, siku ya kwanza baba yake alipouliza maana. Ilimtoka haraka, pamoja na vina vyake, kwa sababu alikuwa binti wa Useng. Baada ya hapo hakujua namna ya kuirudisha.

* * *

Kuna jambo ambalo mtu wa nje angelishangaa: kwa nini Mzee Useng hakuwaimbia waitikiaji wake ubeti ule hata mara moja? Wako vijana wanane nyuma yake, wote wamesoma shule ya serikali, wote Kithai wanakijua. Wangemwambia ndani ya dakika moja.

Lakini katika dikir, ngoma yao ya kujibizana kwa nyimbo, ubeti haufunuliwi kabla ya siku yake. Vikundi viwili hukaa jukwaani, kila kimoja na ngoma zake na upatu wake, na mwimbaji wa hiki humpiga mwimbaji wa kile kwa maneno mpaka mmoja aishiwe. Maneno yakivuja, mpinzani atakuja na jibu limeshaiva. Kwa hiyo waitikiaji hufundishwa mahadhi na kiitikio tu. Ubeti wenyewe wanausikia pamoja na watu wengine wote, na wanaudaka pale pale. Mzee Useng alikuwa akisema ubeti ni bibi harusi. Ukimtembeza sokoni kabla ya siku yake, usimlaumu mtu akimjua.

Ding, mdogo wake, alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Useng ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, akamfundisha kupiga makofi ya dikir kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Asubuhi ya siku mbili kabla ya tamasha, Ding alisimamisha pikipiki mbele ya lango la shule. Asmah alitoka, akasimama mbali kidogo na lango ili walimu wenzake wasisikie.

"Baba mdogo, mimi nataka nimwambie."

"Umwambie nini?"

"Maana yake."

Ding alivua kofia ya chuma, akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya wa uso. Alikuwa na macho ya mzee Useng yale yale. "Ukimwambia hataimba. Asipoimba, kikundi chake kinafutwa kwenye ratiba, na sijui ataalikwa wapi tena. Harusini wanaweka spika siku hizi. Wewe umemwona miaka hii miwili, anakaa kama jogoo aliyenyeshewa. Umemwona au hukumwona?"

"Nimemwona."

"Basi."

"Kikundi cha Saman, wapinzani wetu, wao wamepewa ubeti wa kupinga dawa za kulevya. Kwa nini baba asipewe huo?"

"Kwa sababu Saman ni Saman. Huu kamati inataka utoke kinywani mwa Useng." Ding aliangalia barabara. "Unafikiri nani atasikia? Wazee Kithai hawakijui. Vijana wako na simu zao. Wageni watapiga makofi, picha zitapigwa, kwisha. Ni mistari minne, Asmah. Mistari minne haijaua mtu."

"Na wewe utapata nini?"

"Nitaongoza vikundi vyote vya wilaya. Sikufichi. Na wewe mkataba wako unakwisha mwezi huu. Mwenyekiti wa kamati ya tamasha ni nani? Si yule anayekaa bodi ya shule yenu? Nimeshamwambia, huyu ni binti wa Useng, ndiye anayemfundisha. Amefurahi sana."

Kengele ililia. Watoto wa darasa lake walikuwa wamejipanga mstari, wakiimba kwa Kithai wimbo wa kunawa mikono, na mmoja, aliyekuwa hajaujua bado, alikuwa akifungua na kufunga mdomo tu.

"Nikimwambia," alisema kwa sauti ndogo, "utanisaidia kumtuliza?"

"Usimwambie," Ding alisema, akavaa kofia.

Akarudi darasani. Jioni ile, baba yake alipomuuliza kama sauti inashuka au inapanda pale kwenye kijiko, akamjibu kwamba inashuka.

* * *

Siku hizi dikir huisha kabla ya magharibi. Zamani zilikuwa zikikesha, lakini tangu risasi zianze kati ya askari na waasi hakuna anayependa kurudi nyumbani gizani, kwa hiyo jua lilikuwa bado kali wakati kikundi cha Bukit Jering kilipopanda jukwaani. Upande mmoja wa uwanja kulikuwa na hema la wageni, viti vya kitambaa cheupe na feni kubwa. Upande mwingine watu walikaa chini, wengine wamepanda pikipiki zao ili waone vizuri. Walimu na watoto wa shule walisimama katikati na vibendera vya karatasi.

Mzee Useng alikuwa amefunga kilemba chake cha zari. Minoh alikipiga pasi mara mbili. Alianza kwa Kimelayu, na kwa ubeti wa kwanza tu alimchana Saman: alisema sauti ya Saman ni kama pampu ya maji, hata ikifanya kazi watu huiangalia kwa wasiwasi. Uwanja ukalipuka. Saman mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Masae, mpiga ngoma wa Useng tangu ujana wao, aliinamia ngoma yake huku machozi ya kicheko yakimtoka. Waitikiaji waliyumba pamoja, kushoto, kulia, mikono ikipaa na kutua kama mkono mmoja.

"Huyo!" mtu alipiga kelele. "Mzee amefufuka!"

Minoh, chini ya mwavuli, alimgusa mwanamke aliyekaa karibu naye ambaye hata hakumjua. "Mume wangu huyo," alisema.

Kisha Mzee Useng akainua mkono, akalisogelea hema la wageni, akaimba ubeti wa Kithai.

Aliuimba vizuri, sauti ikipanda na kushuka palepale alipofundishwa. Hema likapiga makofi kabla hajamaliza. Lakini nyuma yake kiitikio hakikuja kama kilivyotakiwa. Kijana wa mstari wa mbele, Amran, mikono yake ilibaki hewani. Wa pembeni yake alimtazama, naye akaacha. Sauti zikapungua moja moja, kama maji yanayoingia mchangani.

Kila mwimbaji wa dikir anajua maana ya kiitikio kufa. Maana yake ni kwamba ubeti umeutoa vibaya, vijana hawakuudaka. Na kila mwimbaji anajua la kufanya: unarudia. Mzee Useng aliwatupia waitikiaji jicho la kuwatia moyo, akarudia.

Safari hii ni wawili tu walioitikia. Ngoma ya Masae iliendelea peke yake. Masae naye hakukijua Kithai, alikuwa akiwatazama vijana bila kuelewa. Kule chini watu walianza kunong'onezana. Vijana waliwainamia wazee wao na kuwaambia kitu masikioni, na wazee waliinua vichwa kutazama jukwaa. Simu zikainuliwa juu.

Asmah alikuwa amesimama na watoto wake. Mwalimu mkuu alimwinamia, akisema kwa Kithai, "Baba yako anatamka vizuri sana. Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hongera."

Jukwaani Mzee Useng alijifuta uso. Akafikiri kosa liko kwenye matamshi. Akarudia mara ya tatu, polepole, neno kwa neno, ili kila mtu asikie, na mkono wake ukipanda na kushuka hewani. Asmah aliuona ule mkono. Ulikuwa mkono wake yeye. Alitaka kupiga kelele, lakini mtoto mmoja akamvuta sketi kumwambia anataka kwenda chooni, naye akamshika mkono, akampeleka.

* * *

Kesho yake, baada ya kugema, Mzee Useng alipita kwenye mgahawa wa Dah kama kawaida. Alikuwa amelala vibaya. Waitikiaji walishuka jukwaani bila kumbusu mkono, na njiani kurudi, nyuma ya gari, hakuna aliyezungumza. Alijua wamefanya vibaya mahali fulani. Alifikiri amewaaibisha kwa Kithai chake kibovu.

"Asalaam aleikum," alisema mlangoni.

Kijana mmoja wa kwenye boti za uvuvi akajibu kwa Kithai, kwa adabu kubwa, akiunganisha viganja vya mikono kama wanavyofanya Wathai. Wenzake wakacheka puani.

"Ah, na wewe unajifunza?" Mzee Useng alisema, akicheka pamoja nao. Akavuta benchi. Hakuna aliyesogea kumpisha, kwa hiyo alikaa ukingoni, tako moja nje. "Dah, chai mwanangu."

Dah alimwaga maziwa, akavuta chai kutoka kopo hadi kopo. Halafu hakuchukua glasi. Alichukua mfuko wa plastiki, akamimina chai humo, akaufunga kwa mpira, akachomeka mrija, akamkabidhi. Hivyo ndivyo wanavyouziwa wapita njia.

Mzee Useng aliutazama mfuko. "Mimi nakunywa hapa hapa."

"Benchi limejaa, mzee," Dah alisema. Hakumtazama usoni.

"Usimsemeshe Kimelayu, Dah," yule kijana alisema. "Hicho si tumeshakizika? Matanga lini, Mzee Useng? Tuje na mchele?"

Safari hii hawakucheka. Mzee Useng aliinuka benchini. Akatoka na mfuko wake wa chai. Masae alikuwa ameegemea ukuta nje, anavuta sigara ya majani, anamsubiri.

"Masae, wana nini hawa?"

"Useng, nikuulize. Ule ubeti, ulijua unasema nini?"

"Mto umejaa. Mpunga unachanua. Mgeni—"

"Hakuna mto." Masae alitupa sigara. "Mjukuu wangu kanifasiria usiku, nikamwambia anadanganya, nikampiga kofi. Masikini, kumbe hakudanganya. Uliimba kwamba lugha yetu ni ya msituni. Kwamba tumeizika. Mara tatu, Useng. Na mara ya tatu uliimba polepole kama unamfundisha kiziwi."

Chai ilikuwa ikivuja kidogo kwenye tundu la mrija, ikimchuruzikia Mzee Useng mkononi. Hakuifuta.

"Nani kakufundisha?" Masae aliuliza.

Miaka yote Mzee Useng alikuwa hajawahi kukosa jibu mbele ya mtu. Lilimjia hata sasa.

"Nilijifunza mwenyewe," alisema. "Redioni."

"Haji Deramae ameniambia nikwambie," Masae alisema, "harusi ya mwanawe, usijisumbue. Wataweka spika."

* * *

Nyumbani alimkuta Ding amekaa kwenye ngazi, na boksi la feni mpya pembeni yake, zawadi ya kamati. Minoh alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Habari zilikuwa zimemfika kisimani.

"Shemeji hataki niingie," Ding alisema.

"Aingie wapi?" Minoh alisema. "Nyumba hii haina mtu. Waliokaa humu wamezikwa na lugha yao. Nenda kaangalie makaburini."

"Shemeji, punguza sauti, majirani—"

"Majirani! Sasa hivi ndiyo unawajua majirani? Nilikuogesha mimi, Ding. Nilikutoa chawa kwa mikono hii."

Mzee Useng alipanda ngazi, akampita mdogo wake kama anavyopita nguzo. Akasimama juu. "Kuna kitu kimoja tu nataka kujua. Binti yangu alijua?"

Ding aliinua uso, akaushusha. "Kaka, mimi ndiye niliyeleta. Nilaumu mimi."

"Sikukuuliza nani kaleta. Wewe nimekufahamu tangu una meno mawili. Ulikuwa ukiiba sukari na kuacha kijiko mdomoni." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nenda kwako. Feni yako chukua, sisi tuna upepo."

Ding aliinuka. Alitaka kuubusu mkono wa kaka yake kama desturi, lakini mkono ule ulikuwa umeshika mfuko wa chai, na wa pili ulikuwa nyuma ya mgongo. Akaondoka na boksi mapajani, pikipiki ikiyumba.

Asmah aliporudi kutoka shule alimkuta baba yake jikoni, amekaa kwenye mkeka. Mbele yake kulikuwa na kikombe, popoo, kisu na kijiko, vimepangwa.

"Kaa, mwanangu."

Akakaa. Mtandio wake ulikuwa na vumbi la chaki.

"Kikombe," Mzee Useng alisema.

"Baba, nisamehe."

"Kikombe kinasema nini?"

Asmah alianza kulia. Alikuwa na kilio cha kimya tangu utotoni, machozi tu, bila sauti. Minoh alisimama karibu na jiko, akiwapa mgongo.

"Kinasema, tulifika nchi hii tukiwa gizani."

"Tulifika? Kutoka wapi?" Alisubiri kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Kaburi la babu wa babu yangu liko nyuma ya mnazi ule. Yeye alifika kutoka wapi? Haya. Popoo."

"Lugha yetu ni ya msituni, haina kitabu."

"Na vile vitabu vya marehemu bibi yako juu ya kabati, ni vya kufungia karanga? Kisu."

"Mkatupatia lugha ya watu, tukapata macho."

Alikichukua kile kisu, akakigeuza mkononi, akakirudisha mahali pake. "Kijiko."

Asmah alitikisa kichwa.

"Nimekiimba mara tatu mbele ya watu, wewe unashindwa kukisema mara moja jikoni kwetu?"

"Ile ya mama zetu tumeizika," Asmah alisema, "wala hatutazami nyuma."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya sakafu. Minoh alifunika chungu ambacho hakikuwa na kitu.

"Nilitaka uimbe tena, baba," Asmah alisema. "Nilitaka nikuone jukwaani. Nilidhani hakuna atakayesikiliza. Na mkataba wangu... niliogopa. Nilitaka kukwambia kila siku."

"Ule mto," baba yake alisema, kama hakumsikia. "Mto umejaa, mpunga unachanua. Nani alitunga?"

"Mimi."

Mzee Useng alitikisa kichwa taratibu. "Ni ubeti mzuri," alisema. "Ungenipa huo. Ningeuimba kwa lugha yoyote."

Akakusanya vitu vyake vinne, akaenda kukaa barazani.

* * *

Mkataba wa Asmah uliongezwa. Mwalimu mkuu alimwambia mbele ya wenzake, wakampigia makofi, na mmoja akasema kwamba baba yake ameonyesha mfano. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake, na mama yake akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kuosha mchele.

Baba yake alikuwa amerudi kutoka shambani mapema. Alikuwa barazani ananoa kisu. Tangu siku ile alikuwa hajaimba, wala hajakwenda kwa Dah; wala hakugombana na Asmah. Hakumgombeza hata kidogo. Alikuwa hamsemeshi tu, na Asmah alijipa moyo kwamba huo ni ukimya wa kawaida wa mtu aliyeumia, utapita kama mvua.

Alimpelekea kahawa, akaiweka karibu naye kwa mikono miwili.

"Baba, kahawa."

Mzee Useng aliacha kunoa. Aliunyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya mapaja, macho chini. Kisha akasema, kwa Kithai, sauti ikishuka pale pale inapotakiwa kushuka:

"Asante, mheshimiwa."

Asmah alidhani hakusikia vizuri. "Baba?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Baba, usifanye hivyo. Nakuomba. Nisemeshe. Nitukane."

"Sijui, mheshimiwa."

Minoh alitoka jikoni, mikono inadondosha maji ya mchele. Alimwangalia mumewe, kisha akamwangalia binti yake.

Asmah alipiga magoti kwenye mbao, mbele ya baba yake. "Mimi ni Asmah," alisema kwa Kimelayu. "Baba, ni mimi."

Mzee Useng alipapasa mfuko wa shati lake. Akatoa kitambulisho chake, kile cha plastiki, chenye picha yake na jina lake kwa herufi asizoweza kuzisoma. Akakiweka sakafuni kati yao, kwa utaratibu, kimwelekee yeye Asmah, kama anavyofanya kwenye vizuizi vyote vya barabarani, na akasubiri aruhusiwe kupita.